Kadi ya grafiki ya zamani: namna ya kuipata draiva yake na kuifanya ifanye kazi

Mbukwenyi! Karibuni, hasa wenye kadi iliyokataa.

Mezani kwangu hapa Dodoma swali ni moja, wanabadilika waulizaji tu. Mwanafunzi wa UDOM kanunua kompyuta ya mezani iliyotumika, Dell au HP zile zilizotoka kwenye maofisi ya Ulaya. Kaagiza kadi ya grafiki, ile inayotoa picha kwenye skrini, kutoka Kariakoo, ikapanda basi hadi stendi ya Nane Nane, akaichomeka jioni ile ile: skrini nyeusi. Dada wa Chuo cha Mipango anataka ramani zake za QGIS zisikwame. Kadi yake imewaka, ila maandishi yamekuwa makubwa kama ya bango la barabarani. Kaka anayehariri video za harusi kapakua draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, ya mamia ya megabaiti mara tatu, na mara zote tatu imemjibu kwamba haijaona kadi inayoendana nayo. Bando limekwisha na kadi iko vile vile.

Kwa wote hao watatu kadi ilikuwa nzima. Nimeshaona kadi nzima ikiuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu mwenyewe hakujua kwamba anatakiwa kutafuta draiva ya mwaka 2018. Linaniuma, maana hela ya kadi nyingine haiokotwi, na ndiyo maana nimekaa kuyaandika haya hatua kwa hatua.

Nadharia ni fupi. Watengenezaji wa kadi hufika mahali wakaacha kuihudumia familia fulani ya kadi zao. Draiva waliyoitoa mwisho kabla ya kuacha ndiyo draiva yako. Ya leo haiifahamu kadi yako hata ukiipakua mara kumi. Kwa hiyo kazi nzima ni kuijua kadi yako ni ya familia gani, kisha kuchukua draiva ya mwisho ya familia hiyo.

Mwongozo huu ni wa kompyuta za mezani zenye Windows 10 au 11 ya biti 64. Linux nimeigusa karibu na mwisho. Laptop nimeziacha, kwa kuwa draiva zake mara nyingi hutoka kwa aliyeunda laptop yenyewe.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Bisibisi ya nyota.
- Brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika, na blowa kama unaweza kuazima.
- Kifutio cheupe cha penseli, pamba na spiriti.
- Flashi ya GB 8 au zaidi.
- Bando la kutosha. Draiva moja ya NVIDIA inaweza kula mamia ya megabaiti, kwa hiyo usianze na bando la kuunga.
- Nenosiri kamili la akaunti yako ya Windows. PIN peke yake inaweza kukataa ukiingia kwa njia ya usalama (Safe Mode, Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu). Kama diski yako imefungwa na BitLocker, lile kufuli la Windows la kulinda diski, uwe na ule ufunguo wake mrefu umeandikwa kwenye karatasi.
- Programu mbili za bure: Display Driver Uninstaller, ambayo mafundi tunaiita DDU, ya kufuta draiva za zamani, na GPU-Z ya kusoma habari za kadi. Zipakue mapema uziweke kwenye flashi.
- Waya wa skrini unaolingana na matundu ya kadi. Wengi hukwama hapa, nitalirudia.

Hatua

1. Soma pawa saplai na upime boksi.

Fungua boksi la kompyuta uangalie kibandiko cha pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani. Dell OptiPlex 7010 na HP 8300 zile nyembamba zina wati 240 tu, tena hazina waya wa ziada wa kadi. Sloti ya kadi kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, inatoa hadi wati 75. Kadi isiyo na tundu la umeme juu yake, kama GT 710, Quadro K620 au GTX 750 Ti nyingi, inajitosheleza hapo. Ikiwa na tundu la pini 6 inahitaji hadi wati 75 nyingine, na la pini 8 hadi 150. Kwenye boksi jembamba kadi nayo lazima iwe fupi kwa kimo, yenye bati fupi la nyuma.

Onyo: usinunue ule waya unaogeuza plagi ya diski ya SATA kuwa pini 6 za kadi. Plagi ya SATA haikutengenezwa kubeba mzigo huo, na huyeyuka. Nimeshika mkononi plagi iliyoyeyuka namna hiyo. Mwenye nayo alibahatika kuwa macho.

2. Safisha kadi kabla ya kuichomeka.

Kadi iliyotumika huja na vumbi la ilikotoka, na sisi tunaongeza la kwetu. Kuanzia Juni upepo wa Dodoma ukianza, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye kabati lililofungwa. Shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, kisha puliza. Feni ikizungushwa kwa nguvu ya blowa inaharibika. Sugua taratibu ile meno ya dhahabu kwa kifutio, pangusa kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke kabisa.

Jambo moja la hapa kwetu ambalo watu wa Dar hawalijui sana: kiangazi hewa ni kavu mno, na ukivua sweta asubuhi ya Julai unasikia cheche. Cheche hiyo hiyo inaweza kuua kadi. Vua sweta mbali, gusa chuma tupu cha boksi, ndipo ushike kadi, tena kwa kingo zake.

3. Ichomeke.

Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Toa bati la nyuma, ingiza kadi kwenye sloti ndefu iliyo karibu zaidi na prosesa, sukuma hadi usikie kitasa kikilia. Funga skrubu. Kadi isiyofungwa skrubu hulegea ukivuta waya wa skrini, na kesho utasema imekufa. Kama ina tundu la umeme, mpe umeme.

4. Hamishia waya wa skrini kwenye kadi.

Nikihesabu wanaokuja na skrini nyeusi, walioacha waya wa skrini kwenye tundu la zamani la mazabodi ndio wengi kuliko wote. Ukiweka kadi, kompyuta nyingi huzima tundu lile. Waya uende kwenye matundu ya kadi yenyewe.

Wenye skrini za VGA wawe makini zaidi. Tazama tundu la DVI la kadi yako. Kama kando ya ule ufa bapa kuna vitundu vinne vidogo, basi kadapta ya kawaida ya kwenda VGA itafanya kazi. Kama hakuna vitundu hivyo, kadapta ile haitaonyesha kitu hata siku moja, kwa sababu tundu hilo halitoi mawimbi ya aina ya VGA. Hapo unahitaji kigeuzi chenye umeme wake ndani, cha HDMI kwenda VGA.

5. Washa, uingie BIOS kama skrini bado nyeusi.

Ukiona nembo ya Dell au HP, ruka hatua hii. Kama huoni kitu, toa kadi, rudisha waya kwenye mazabodi, ingia BIOS, ile mipangilio inayokuja kabla ya Windows kuwaka: F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Kadi nyingi za kabla ya 2012 na za miaka michache baadaye hazikuwekewa programu ya kuonyesha picha chini ya UEFI, yaani BIOS ya kisasa. Zinahitaji ule mlango wa zamani, nao huandikwa "CSM" au "Legacy Option ROMs". Mara nyingi hutaweza kuuwasha kabla ya kuzima "Secure Boot", ulinzi wa wakati wa kuwaka.

Piga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu kabla ya kugusa. Na usigeuze namna ya kuwasha Windows kutoka UEFI kwenda Legacy, maana Windows yako itagoma kuwaka. Unachotaka ni kuruhusu ROM za zamani tu, yaani zile programu ndogo zilizo ndani ya kadi. Ukimaliza hifadhi, zima, kisha rudisha kadi na waya wake wa skrini.

6. Soma namba ya kadi.

Hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo mambo yote yanapoharibikia. Usiamini boksi la kadi, wala kibandiko, wala neno la muuzaji. Hata jina lenyewe la kadi halitoshi.

Windows ikiwaka, bofya kulia kwenye alama ya Start, chagua "Device Manager", fungua "Display adapters". Huenda utaona "Microsoft Basic Display Adapter", usijali. Bofya mara mbili, nenda "Details", kwenye orodha chagua "Hardware Ids". Utaona mstari wa namna hii:

PCI\VEN_10DE&DEV_1287

VEN ni kabila la kadi, yaani mtengenezaji wake: 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 8086 ni Intel. DEV ni kadi yenyewe. Ukiona 8086 peke yake, Windows inaiona grafiki ya ndani ya prosesa tu na kadi yako haijaonekana. Rudi hatua ya 3. Iandike namba hiyo kwenye karatasi na ubandike kibandiko nyuma ya boksi.

Kwa nini nasisitiza namba? Chukua GT 730. Iliingia sokoni 2014 ikiwa na sura mbili chini ya jina moja. Yenye DEV_0F02 ni ya familia ya Fermi, yenye DEV_1287 ni ya Kepler. Boksi linaweza kufanana, jina lile lile, na draiva zao za mwisho zimepishana miaka. Niliwahi kuwa na mbili mezani wiki moja, nikaweka draiva moja kwa zote. Ya kwanza ikakubali, ya pili ikakataa, na nikapoteza siku nzima nikimshuku pawa saplai. Tangu hapo sigusi draiva kabla ya kusoma namba.

Kuna na kadi bandia. Zinauzwa kwa jina la GTX 1050 Ti au GTX 960, bei nzuri ajabu, kumbe ndani ni kadi ya Fermi ya miaka ya 2010 iliyobadilishwa jina kwenye BIOS yake. Fungua GPU-Z: ikigundua udanganyifu, inaandika [FAKE] mbele ya jina. Dalili nyingine ni tundu la VGA. NVIDIA waliacha kutoa mawimbi ya VGA kwenye kizazi cha GTX 1000, hivyo "1050 Ti" yenye tundu la VGA ni ya kutiliwa shaka kubwa. Kama muuzaji anakubali, fanya jaribio hili dukani kwake kabla hujatoa hela.

7. Itambue familia.

Chukua namba yako, itafute mtandaoni pamoja na neno "VEN" lake, au soma mstari wa "GPU" ndani ya GPU-Z. Halafu linganisha:

- GeForce 8, 9, 200 na 300, kwa mfano 9500 GT na GeForce 210: draiva ya mwisho ni 342.01 ya Desemba 2016.
- Fermi: GeForce 400 na 500, pamoja na ndogo kadhaa zilizopewa majina ya baadaye, kama GT 610 na ile GT 730 ya 0F02. Draiva ni 391.35 ya Machi 2018.
- Kepler: nyingi za GeForce 600 na 700, mfano GTX 650, GTX 660, GT 710 na GT 730 ya 1287. Draiva za michezo mipya zilikoma 2021, marekebisho ya usalama yakaendelea hadi 2024. Chukua ya juu kabisa inayoanza na 47.
- Maxwell na Pascal: GTX 750 na 750 Ti (hizi zina jina la 700 lakini si Kepler), GTX 900 na GTX 1000. Mfululizo wao wa mwisho ni 580. Draiva za michezo zilikoma Oktoba 2025, za usalama NVIDIA wameahidi hadi Oktoba 2028.

Quadro zimo kwenye familia hizo hizo, ila herufi K isikudanganye: K600 ni Kepler, K620 ni Maxwell, na Quadro 600 isiyo na K ni Fermi. Kwenye ukurasa wa kupakua chagua aina ya Quadro, usichague GeForce.

Kwa AMD, HD 7700 hadi HD 7900 pamoja na R7 240 na R9 200 zinaishia kwenye 22.6.1. HD 5000 na HD 6000 zinaishia kwenye 15.7.1 ya 2015, au 16.2.1 ya majaribio iliyotoka mapema 2016. Angalia mtego: HD 7470 na HD 7570, zile zinazokuja ndani ya Dell na HP za ofisini, zina jina la 7000 lakini damu yake ni ya zamani. Zihesabu pamoja na HD 6000.

8. Pakua kutoka kwa mwenyewe.

Nenda nvidia.com au amd.com, sehemu ya draiva, chagua kadi, Windows yako, biti 64. Kwa familia za zamani utaona orodha ndefu ya matoleo. Tafuta ile namba uliyoipata hatua ya 7.

Usiweke zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa kubofya mara moja. Kompyuta nyingi ninazopokea zikiwa na virusi, mlango ulikuwa huo. Kama Windows yako ni ya biti 32, NVIDIA waliacha kuihudumia baada ya mfululizo wa 390, kwa hiyo ni afadhali uweke ya biti 64 kabla ya kuendelea.

Ukishapakua, weka nakala kwenye flashi na uiite jina la kadi. Siku Windows ikiharibika hutatumia bando tena.

9. Futa mabaki ya draiva nyingine.

Kompyuta ya mtumba huwa na mabaki ya kadi zilizopita, na Windows nayo huwa imeshakimbilia kuweka ya kwake. Fuata mpangilio huu bila kuruka:

a) Zima Wi-Fi au chomoa waya wa intaneti. Ukiiacha, Windows itaweka draiva yake wakati wewe unafuta.
b) Shikilia Shift, bofya "Restart". Chagua "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", kisha bonyeza 4. Hiyo ndiyo njia ya usalama.
c) Fungua DDU, chagua "GPU", chagua NVIDIA au AMD, bofya "Clean and restart".

Kama una NVIDIA sasa na awali kulikuwa na AMD, futa zote mbili.

10. Weka draiva.

Intaneti bado imezimwa. Fungua faili, chagua "Custom", weka tiki kwenye "Perform a clean installation", toa tiki kwenye GeForce Experience. Kwa kadi ya zamani programu hiyo ni mzigo tu. Skrini itazima na kuwaka mara mbili tatu. Usiguse kitu wala usizime umeme. Ikimaliza, washa upya hata kama haijakuomba.

Rudi "Device Manager". Sasa jina la kadi lionekane lenyewe, bila pembetatu ya njano.

11. Izuie Windows isibadilishe.

Kwenye kitafutio cha Start andika "Device installation settings", chagua "No", hifadhi. Ndipo uwashe intaneti. Nimekuwa na wateja waliorudi siku ya pili wakisema "ilikuwa nzuri jana", kumbe Windows usiku ilikuwa imeweka draiva nyingine juu.

12. Ipe mzigo.

Fungua GPU-Z kwenye "Sensors", kisha fungua kazi yako halisi: ramani nzito, video, gemu. Iache nusu saa. Joto likitulia chini ya nyuzi 80 za Selsiasi ni salama. Likipita 90, feni au pesti ya joto, ile inayopitisha joto kutoka kwenye chipu, ina shida. Pesti ya kadi ya miaka kumi huwa imekauka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Kuibadilisha ni skrubu nne na dakika ishirini, na mara nyingi joto linashuka sana.

Wa Linux

Andika kwenye tamino (terminal):

lspci -nn | grep -i vga

Utaona namba zile zile, kwa mfano [10de:1287]. Kadi za AMD hazihitaji kupakua chochote, draiva imo ndani ya kerneli, kiini cha Linux yenyewe. Kwa NVIDIA, kwenye Ubuntu andika ubuntu-drivers devices, au kwenye Linux Mint fungua "Driver Manager", uchague unayopendekezewa. Kepler inataka 470. Fermi inataka 390, na matoleo mapya ya Ubuntu hayaibebi tena, hivyo baki na nouveau, draiva huria iliyomo ndani, au tumia Ubuntu 22.04. Kama "Secure Boot" imewashwa utaombwa uweke nenosiri, na kompyuta ikiwaka upya itatokea skrini ya bluu: chagua "Enroll MOK" uingize nenosiri lile. Wengi huipita skrini hiyo kwa haraka, na draiva haiwaki.

Ikigoma

*Feni inazunguka, skrini nyeusi.* Anza na waya (hatua ya 4), kisha BIOS (hatua ya 5), kisha jaribu kadi kwenye kompyuta ya rafiki. HP za kizazi cha 8200 na 8300 zikilia mara sita huku taa nyekundu ikimeta, zinasema hazioni grafiki. Toa kadi, safisha meno, rudisha. Weka na rami (RAM) upya ukiwa umefungua.

*Inasema haijaona kadi inayoendana.* Umechukua draiva ya familia nyingine. Rudi hatua ya 6 na usome namba kwa macho yako.

*Inasema draiva ya kawaida haiendani na Windows hii.* Hapa familia inaweza kuwa sahihi. Kuna mabaki ya draiva ya aina ya DCH, muundo mpya wa draiva za Windows, ambayo Windows iliiweka. Zima intaneti, rudia DDU, weka tena.

*Code 43 yenye pembetatu ya njano.* Maana yake Windows imeisimamisha kadi kwa sababu ya hitilafu. Kwanza DDU. Ikirudi, fungua GPU-Z uangalie kama kadi ni bandia. Ikiwa ni halali na inarudi Code 43 hata kwenye kompyuta ya pili, kadi ina ugonjwa wa ndani.

*Sauti imepotea baada ya kuweka draiva.* Haijapotea. Windows imeipeleka kwenye skrini kupitia HDMI. Bofya alama ya spika chini kulia, uchague spika zako.

*Inazima kabisa gemu likianza.* Shuku pawa saplai kabla ya draiva. Ikizima ukiwa kwenye kazi nyepesi pia, pima umeme wa nyumbani. Mtaani kwenu ukipanda na kushuka, stebilaiza italinda kadi na kila kitu kingine kilicho kwenye waya huo.

*Michirizi au vidoti vya rangi hata kwenye nembo ya kuwakia.* Pale draiva bado haijaanza kazi, kwa hiyo usipoteze bando. Ni memori ya kadi au joto lililowahi kuipika. Mtu akikwambia aioke kwenye oveni, mkatalie. Inaweza kuwaka siku mbili tatu, halafu inakufa moja kwa moja, na moshi wake si wa kuvuta ndani ya nyumba yenye watoto.

*Gemu jipya linasema kadi haitoshi.* Hapo draiva haina la kufanya. Fermi na Kepler zina mipaka yao, na programu za sasa zimeipita. Kwa QGIS, AutoCAD ya michoro bapa, video za HD na magemu ya kabla ya 2015, bado zinafanya kazi nzuri.

Ukija kuuliza, njoo na haya

Namba ya VEN na DEV. Aina ya kompyuta na wati za pawa saplai, picha ya kibandiko inatosha. Windows gani na ya biti ngapi. Namba ya draiva uliyojaribu, na maneno kamili yaliyotokea kwenye skrini, usiyafupishe. Sema pia kama kadi ilishawahi kufanya kazi kwenye kompyuta nyingine. Ukiwa na hayo, mara nyingi nakujibu bila hata wewe kubeba boksi kwenye bodaboda kutoka Nkuhungu.